Udongo Mmoja, Vyeti Viwili

 Leo naanza na barua. Imeandikwa kwa wino wa bluu, herufi zimelala upande kama mvua ya upepo, na imetoka kwa mzee mmoja ambaye sitamtaja jina wala kijiji kwa kuwa hakunipa ruhusa. Mzee huyu ana shamba, na pembeni ya shamba ana tanuru la matofali. Alichota udongo wake, akaugawa mafungu mawili, akayapeleka maabara mbili tofauti. Vyeti viliporudi, kimoja kilisema udongo ni wa mfinyanzi. Cha pili kikasema la, ni tifutifu, mfinyanzi umo kidogo tu. Mzee amelipa mara mbili na alichonunua ni ugomvi. Anamalizia barua hivi: "Mwanangu, wewe uliyekaa maabara, niambie mwongo ni yupi."

Shikamoo mzee wangu. Jibu ninalo, ila nikikupa sasa hivi utasema nawatetea wenzangu. Nivumilie kidogo, twende pamoja mpaka ulione mwenyewe.

Tuanzie jikoni. Mama anapopepeta mchele, pumba hupeperuka, chenga hujitenga na mchele mzima, na kijiwe hubaki nyuma kwa uzito wake. Ungo ni mmoja na mkono ni mmoja, lakini hapo vimepimwa vitu vitatu kwa mpigo: uzito, ukubwa na umbo. Mama hana haja ya kujua kipi kimefanya kazi gani, mradi wali usivunje mtu jino. Maabara haina raha hiyo. Ikitoa namba, lazima ijue imepima nini.

Chombo cha kale kuliko vyote katika kazi hii ya kupima ukubwa wa chembe ni chekeche. La maabara ni duara la chuma lenye wavu wa waya, na matundu yake yamepimwa. Machekeche hupangwa moja juu ya jingine, lenye matundu makubwa juu kabisa: milimita 4.75, kisha 2, kisha 0.425, mpaka lile la milimita 0.075 ambalo mafundi wa barabara huliita namba 200, maana lina matundu 200 katika kila inchi. Chini yao huwekwa sufuria ya kupokea vumbi. Unamwaga mchanga mkavu juu, mashine inatikisa dakika kama kumi, halafu unapima uzito wa kilichobaki katika kila ngazi.

Kazi rahisi, utasema. Basi mimina mchele badala ya mchanga. Punje ya mchele ikilala juu ya wavu haipiti. Ikisimama wima, inadumbukia. Kwa hiyo chekeche halijui urefu wa punje. Linachojua ni upana wake, na tena ukiongeza dakika za kutikisa, punje nyingine nazo zitapata bahati ya kusimama, zitapita, na udongo wako "utakuwa" laini zaidi kuliko jana.

Watu wa kahawa walishalitambua hilo siku nyingi. Katika kiwanda cha kukoboa, buni hupitishwa kwenye machekeche yenye matundu ya duara, yanayohesabiwa kwa sehemu za 64 za inchi. Chekeche namba 18, kwa mfano, lina matundu ya 18/64 ya inchi, kama milimita 7.1, na huko juu ndiko inakotoka ile kahawa ya AA unayoisikia ikitajwa mnadani. Lakini tunda la kahawa lina vituko vyake. Kwa kawaida hubeba mbegu mbili zilizolaliana, kila moja ina upande bapa. Mara mojamoja inakua mbegu moja peke yake, ikajaa, ikawa ya mviringo. Hiyo huitwa PB na huuzwa daraja lake. Tundu la duara haliwezi kuitenganisha, kwa sababu linaangalia upana tu. Dawa yake ni chekeche la pili lenye matundu marefu membamba, kama mdomo wa kibubu cha kuwekea sarafu: mbegu bapa inateleza kwa ubavu, ile ya mviringo inagoma. Baada ya hapo hupulizwa upepo ili nyepesi ziondoke, na nchini Kenya hizo nyepesi hupewa herufi TT. Tundu la duara, tundu refu, upepo. Ndiyo kazi ya ungo wa mama, ila kila swali limeulizwa peke yake.

Sasa turudi kwenye udongo. Chekeche lina mwisho wake. Chembe ya mfinyanzi ni ile iliyo chini ya mikroni 2, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wako, msikilizaji, una unene wa mikroni kama 70. Hakuna mfumaji wa wavu atakayekufumia chekeche la kazi hiyo ukalitikisa likatoa kitu. Ndipo watu wakageukia maji.

Hapa yumo mtu mmoja anayenifurahisha, George Gabriel Stokes, mzaliwa wa Ireland aliyefundisha Cambridge. Mwaka 1851 alichapisha kazi ndefu kuhusu pendulamu, zile zinazobembea, na jinsi hewa inavyozipunguza kasi. Udongo haukuwa akilini mwake hata chembe. Lakini ndani ya hesabu zile aliacha kanuni ya tufe dogo linalozama katika kimiminika: mwendo wake hufuata mraba wa kipenyo chake. Chembe yenye kipenyo mara mbili huzama kwa kasi mara nne.

Tazama inavyokuwa kwenye maji ya nyuzi 20. Chembe ya mikroni 50, ambapo wataalamu wa Marekani huweka mpaka wa chini wa mchanga, huzama sentimita 10 kwa sekunde kama 45. Chembe ya mikroni 2 ina kipenyo kidogo mara 25, kwa hiyo itachelewa mara 625. Umbali uleule itautembea kwa muda unaokaribia saa nane. Na hapo maabara ina ubaridi. Dar es Salaam, maji yakiwa nyuzi 30, huwa mepesi zaidi na chembe huzama haraka kwa kama robo. Anayenakili muda kutoka kitabu cha nchi ya baridi bila kupima joto la maji yake ameshakosea kabla hajaanza kusoma.

Mwaka 1927 mtaalamu wa udongo wa Michigan, George Bouyoucos, alileta njia ya mkato. Unaweka udongo wa kipimo katika silinda ya lita moja ya maji, unaukoroga vizuri, kisha unazamisha haidromita, ndugu yake kile kibofu cha kioo cha kupimia maziwa yaliyotiwa maji. Mchanga ukishazama, maji huwa mepesi na haidromita inashuka. Unasoma baada ya sekunde 40, unasoma tena baada ya saa mbili, unapiga hesabu. Maabara nyingi za udongo ulimwenguni bado zinaitumia njia hii, kwa sababu ni ya bei nafuu na haidai umeme mwingi.

Ina mtego mmoja, nao ulininasa miguu yote miwili. Chembe za mfinyanzi hupenda kushikana. Usipozitenganisha, zinakwenda kwa makundi, na kundi huzama kama punje moja kubwa. Ndiyo maana udongo hulowekwa kwanza usiku kucha katika dawa, sodiamu heksametafosfeti, halafu hupigwa na mashine inayofanana na ile ya kusagia juisi. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliisahau chupa ya dawa rafuni. Udongo ulikuwa mweusi wa mbuga, ule unaopasuka nyufa kiangazi na kunasa magari masika. Namba zangu zikatoka udongo wa kichanga. Mkuu wangu alizitazama, akanitazama, akauliza kwa upole: "Kijana, tangu lini mbuga ikawa ufuko?" Hakusema neno jingine. Mpaka leo nikiona silinda naitafuta kwanza ile chupa.

Ukitaka kuona haya nyumbani, chukua chupa ya kioo iliyo wazi. Weka udongo theluthi moja, jaza maji, tia kijiko kidogo cha sabuni ya unga, funika, tikisa kwa nguvu dakika kadhaa, uiweke mahali isipoguswa. Mchanga utalala chini ukiwa unatazama. Juu yake italala tabaka la chembe laini kama unga. Mfinyanzi utakuchelewesha mpaka kesho au kesho kutwa, na kwingine maji hayatakuwa maangavu hata wiki ikiisha. Hiyo siyo maabara, lakini ni kanuni ileile ya Stokes ikifanya kazi dirishani kwako.

Zingatia neno moja nililolipitisha haraka: tufe. Stokes alipiga hesabu ya tufe, mpira kamili. Chembe ya mfinyanzi siyo mpira. Ukiiweka chini ya hadubini ya elektroni utaona kitu bapa kama ukurasa wa kitabu. Ukurasa ukiudondosha hauanguki kama jiwe, unayumba kama jani la mwembe. Kwa hiyo chembe pana hukawia majini, na hesabu inaihukumu kuwa mpira mdogo. Cheti kinaandika "mikroni 2" kwa kitu ambacho upana wake ni zaidi ya hapo.

Na sasa, mzee wangu, ingia chumba cha pili, chenye kiyoyozi na mashine ya leza. Hapa hakuna anayesubiri saa nane. Chembe huzungushwa majini mbele ya mwale wa leza, nazo hutawanya mwanga. Kubwa huukunja kidogo, ndogo huutupa kwa upana. Umewahi kuona mwezi ukiwa nyuma ya wingu jepesi, umezungukwa na duara lenye rangi hafifu lililoubana? Matone ya wingu yakiwa madogo, duara hupanuka. Yakiwa makubwa, hujibana. Mashine inalisoma duara la namna hiyo kwa vihisi vyake, kisha inarudi nyuma kwa hesabu. Gustav Mie, Mjerumani, aliiweka hesabu hiyo mwaka 1908, na yeye pia, usicheke, alianza na tufe.

Ukurasa ukipita mbele ya leza, hugeuka huku na huku, na mara nyingi huonyesha uso wake mpana. Leza inaona kitu kikubwa. Maji yalisema kidogo, mwanga unasema kikubwa, na chembe ni ileile. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Amsterdam, Konert na Vandenberghe, walilinganisha njia hizi kwenye mashapo na wakakuta kwamba mpaka wa mfinyanzi wa mikroni 2 kwa njia ya kuzamisha unalingana na mikroni 8 kwa leza. Mara nne. Anayepima kwa leza huku ameng'ang'ania mpaka wa mikroni 2 ataukosa mfinyanzi mwingi uliomo.

Umeshaanza kuona nilikokuwa nakupeleka, mzee? Ngoja kwanza, lipo jambo jingine linalochanganya hata wasomi.

Chukua balungi lenye kipenyo cha sentimita 10. Pembeni yake weka punje milioni moja za ulezi, kila moja ina milimita 1. Fanya zote ni duara kamili na uzito wa aina moja. Ujazo wa balungi lile ni sawasawa na ujazo wa punje zote milioni, maana kipenyo mara 100 ni ujazo mara 1,000,000. Sasa niambie, wastani wa fungu hili ni upi? Anayehesabu vichwa atasema milimita 1, na balungi ni kosa la karani. Anayepima uzito atasema nusu ya mzigo ni balungi. Wote wako sahihi. Hadubini huhesabu vichwa. Chekeche hupima uzito. Leza hutoa jibu kwa ujazo. Ukichukua namba ya hadubini ukailinganisha na ya leza bila kuuliza, umelinganisha sensa ya watu na mizani ya bandarini.

Twende hospitali sasa, kwa sababu si udongo peke yake wenye chembe. Damu yako imejaa chembe, na nyekundu kila moja ni kisahani chenye upana wa mikroni 7 hadi 8 kilichobonyea katikati. Zamani mtaalamu alikaa kwenye hadubini akizihesabu kwa jicho mpaka shingo ikakakamaa. Mmarekani Wallace Coulter alipata hati ya ubunifu mwaka 1953 kwa wazo jingine: pitisha damu iliyochanganywa na maji ya chumvi katika kitundu chembamba, na upitishe umeme katika kitundu hichohicho. Kila chembe ikipita inasukuma maji ya chumvi pembeni, umeme unapata kikwazo, na ukubwa wa kikwazo ni ujazo wa chembe. Inasimuliwa kwamba kitundu chake cha mwanzo kilikuwa katika karatasi ya selofani ya pakiti ya sigara. Mashine zinazotoa ile picha kamili ya damu unayoandikiwa na daktari, nyingi bado zinafuata wazo hilo.

Njia hii naiheshimu kuliko nyingine zote nilizotaja, kwa sababu haibahatishi sana juu ya umbo. Inapima nafasi iliyojazwa, basi. Lakini heshima hiyo ina gharama. Mwaka 1910, katika jiji lilelile la Chicago ambako baadaye Coulter alifanyia kazi yake, daktari James Herrick alichapisha habari za mgonjwa wake, mwanafunzi wa udaktari wa meno kutoka Grenada. Katika tone la damu lililopakwa kwenye kioo kulikuwa na chembe nyekundu nyembamba, ndefu, zilizopinda kama mundu. Ni ugonjwa ambao sisi tunauita selimundu, na katika familia nyingi za ukanda wetu hauhitaji kutambulishwa. Mashine ya Coulter inaweza kukuambia kuwa mgonjwa ana upungufu wa damu, na papo hapo ikaonyesha wastani wa ukubwa wa chembe ulio wa kawaida kabisa. Ujazo wa mundu na ujazo wa kisahani unaweza kulingana. Kilichoharibika ni umbo, na umbo mashine haikuulizwa. Siku hizi uthibitisho hutolewa kwa kuipima himoglobini yenyewe, lakini fundi mwenye kioo na hadubini bado ana kiti chake maabara.

Asbesto, ile ya paa za zamani, ni mfano mkali zaidi. Shirika la Afya Duniani limeweka wazi uzi gani uhesabiwe hewani: urefu uzidi mikroni 5, upana uwe chini ya mikroni 3, na urefu uzidi mara tatu ya upana. Hapo umbo ndilo linaloamua. Vumbi lenye uzito uleule lakini la mviringo halihesabiwi.

Siku hizi kuna kamera zinazopiga picha maelfu ya chembe zikipita na kompyuta ikapima umbo la kila moja. Nzuri, nazipenda, lakini zisikulaze. Picha ni kivuli. Sarafu iliyolala mezani ukiitazama kutoka juu ni duara sawa na mpira, na chembe bapa hupenda kulala.

Halafu kuna kosa lililo la kizamani kuliko yote, nalo hutokea kabla mashine haijawashwa. Gunia la mahindi likisafiri kwenye barabara mbovu, chenga na vumbi hushuka chini, punje nzima hubaki juu. Mnunuzi mjanja hachoti mdomoni mwa gunia. Anachoma bambo ubavuni, sehemu mbalimbali, mpaka ndani. Udongo nao ni hivyohivyo. Ukiubeba kwenye mfuko pikipiki ikautikisa saa tatu, kisha ukamimina nusu huku na nusu kule, umepeleka udongo wa aina mbili. Fungu linatakiwa limwagwe liwe kichuguu, lichanganywe kwa koleo, ligawanywe robo nne, robo mbili zinazotazamana zibaki, uanze tena. Mashine ya mamilioni ya shilingi haiwezi kusahihisha kiganja cha udongo kilichochotwa vibaya.

Sasa mzee wangu, hukumu yako. Nimevitazama vyeti ulivyoambatisha. Cha kwanza kimeandikwa pembeni, kwa herufi ndogo, "haidromita". Cha pili kimeandikwa "leza". Hakuna mwongo. Lawama yangu kwa maabara ya pili ni moja tu: ilitumia mpaka wa mikroni 2 kana kwamba imepima kwa maji, na haikukuonya. Majina haya ya mfinyanzi na tifutifu, pamoja na ushauri wa mbolea na maji unaofuatana nayo, yalijengwa juu ya vipimo vya kuzamisha. Kwa shamba lako na kwa tanuru lako, fuata cheti cha haidromita. Na kama udongo mwingine bado unao, uchanganye vizuri kwanza, ugawe robo nne, ndipo upeleke tena.

Ukifika dirishani, uliza wameloweka kwa dawa usiku kucha au hawakuloweka. Ukiona fundi anageuka kutazama rafuni, msubiri.